Staringi Wangu Kaliwa na Mamba

Leo nimezomewa na Chole nzima. (Chole ya Kisarawe, siyo ile ya kisiwani. Kule habari bado hazijafika, nashukuru.)

Iko hivi. Bosi wangu, Kaka Mudi, anatafsiri muvi kwa kipaza sauti kwenye banda letu la video pale Maili Moja. Leo mchana tulialikwa kuonyesha Chole, na yeye kaamka sauti imekauka kabisa. Akaninong'oneza: "Leo tafsiri wewe. Ukiwaweza watu wa Chole, kipaza sauti cha Maili Moja nakuachia. Muvi umeiangalia?"

"Yote, kaka!"

Uongo mtupu. Niliangalia ngumi za mwanzo, nikaridhika, nikalala. (Muvi ya mapigano, hadithi ya nini?)

Basi ikaanza. Boti mtoni, watu wanasaka dhahabu. Likatokea jamaa limejazia, miwani nyeusi, panga mkononi. Nikapaza sauti: "Wana Chole, staringi huyooo! Na staringi hafi!" Makofi! Nyuma yake kulikuwa na mpishi mnene, kakumbatia sufuria. "Huyu wa ubwabwa msimjali, yupo kujaza boti." Vicheko! Hapo nilishajiona nimekalia kiti cha Kaka Mudi.

Dakika ya kumi na tano, mamba akamla staringi.

Watu wote wakanigeukia.

"Hajafa!" nikasema. "Anamchezea mamba akili, atatokea upande wa pili." Picha iliyofuata ilikuwa kaburi, miwani yake imewekwa juu. "Hapo sasa... anajificha."

Weee! Nilizomewa mpaka jasho likanitoka. Mtu akapiga kelele, "Mfukue basi!"

Mbele kabisa alikaa bibi mmoja, Bi Tausi. Akanyoosha mkono. "Mwanangu, staringi si huyo wa ubwabwa?"

"Shikamoo bibi. Mpishi tena?"

"Marahaba. Wenzake wote wanataka dhahabu. Yeye kila akikaa anatoa kiatu cha mtoto, anakiangalia. Ana mtu wake anamtafuta. Atakufaje hajamwona?"

"Na yule wa miwani?"

"Yule alikuwa na panga tu."

Kaka Mudi akaninyang'anya kipaza sauti, akampa bibi. Jamani, yule mama anajua! Kiingereza hajui hata neno (na mimi nabahatisha), lakini anamsoma mtu usoni. "Anaogopa huyu, oneni mikono inavyotetemeka. Ila anakwenda. Mwanawe yuko kule." Miaka yote naona watu wanapigana, leo ndiyo nimejua wanapigania nini. Mpishi alipommwagia adui mafuta ya moto na kumfungua binti yake kamba, nilishangilia kuliko wote. Nililia pia, siwafichi.

Ilipoisha, Kaka Mudi akamsogelea bibi, akamnong'oneza. "Mama, Jumamosi utaweza kufika Maili Moja utafsiri?"

"Nitakuja," akasema, akinishika bega, "ila huyu mjukuu wangu aje kunichukua. Njiani nitamfundisha kuangalia muvi."

Kiti kimekwenda hivyo. Na kwa haki kabisa, sina kinyongo.

Jumamosi njooni mumsikilize bibi, hamtajuta. Mimi nitakuwa mlangoni nawapangia mabenchi, na atakayeniuliza staringi ni yupi tutagombana.