Kichwa Kimoja, Siku Kumi na Moja

Wananchi wote wa mji wa Morogoro, pamoja na wale wanaoteremka kutoka milimani, wanatangaziwa kwamba kuanzia tarehe mosi Oktoba kichwa cha mwananchi kitaoshwa mara moja tu kila baada ya siku kumi na moja. Kuosha kabla ya siku hizo ni ubadhirifu wa maji. Kuosha baada ya siku hizo ni uzembe.

Tangazo hilo niliandika mimi, Jonathan, Katibu wa Idara ya Nywele na Ngozi ya Kichwa, na mpaka leo sijaona kosa la herufi ndani yake.

Watu wameuliza kwa nini kumi na moja. Ni swali la haki na jibu lake ni la kitaalamu. Kamati yetu ilikaa siku tatu katika ukumbi wa hoteli moja chini ya mlima. Nusu ya wajumbe walisema nywele zioshwe kila baada ya siku saba, kwa sababu ndivyo wafanyavyo wake zao. Nusu nyingine walisema siku kumi na tano, kwa sababu ndivyo wafanyavyo wao wenyewe. Mkuu wa Idara, Bwana Mwinshehe, akajumlisha, akagawanya kwa mbili, wajumbe wakapiga makofi. Msusi hakualikwa hata mmoja, tusije tukaonekana tunapendelea upande.

Bwana Mwinshehe ni mtu wa miaka hamsini na minane, mpole wa sauti, na hadi siku hizo kofia yake ya darizi ilikuwa haijawahi kumtoka kichwani mbele ya watumishi. Aliuandaa Mwongozo wa Uoshaji kwa bidii kiasi kwamba kwa miezi miwili hakupata nafasi ya kuosha kichwa chake. Sisi wa chini yake tuliliona hilo kuwa ni kujitoa.

Utekelezaji ulihitaji kifaa. Kikapatikana kitana cha chuma cha pua, kimechongwa namba ya mali ya ofisi, cha kupimia uchafu wa kichwa. Kilikuwa kimoja tu, maana vipimo kutoka vitana tofauti haviwezi kulinganishwa. Siku ya uzinduzi Mkuu alivua kofia nusu, akachanwa wa kwanza kama kiongozi. Nikafuata mimi, kisha wajumbe wanane kwa kufuata vyeo. Wiki tatu zilizofuata tulifanya mazoezi humo humo ofisini, tukikaguana asubuhi na jioni, ili tutakapokwenda kwa wananchi mkono uwe mwepesi.

Ukaguzi wa kwanza wa nje nilipewa mimi. Ilikuwa Ijumaa, saa tatu asubuhi, katika saluni ya Editha, Mji Mpya.

Ni chumba kimoja chenye vioo viwili, draya moja ya kukaushia nywele, na sinki lililounganishwa na pipa la bluu juu ya ukuta. Editha alijifunza kazi hiyo kwa mama yake, na wasusi wawili wanaomsaidia amewafundisha mwenyewe. Nilimkuta mikono imezama katika povu. Chini ya povu hilo alikuwepo mama mmoja mtu mzima, kichwa amekilaza sinkini, kitenge shingoni.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Hakufumbua macho kwa sababu ya povu.

"Unaitwa nani na unatoka wapi?"

"Yuliana. Wa Mgeta. Nalima kabichi na karoti."

"Mara ya mwisho umeosha nywele lini?"

"Jumatatu."

"Leo Ijumaa. Zimepita siku nne. Bado siku saba."

"Nimeteremka juu ya lori la kabichi, mwanangu. Vumbi la barabara ile halijui kuhesabu."

Alinieleza kwa utulivu kwamba kesho yake mjukuu wake anapata kipaimara hapa mjini, na kwamba ndiye aliyemlea tangu ananyonya. Hakutaka kusimama kanisani nyuma ya mtoto huyo na kichwa chenye rangi ya barabara. Nilimjibu kuwa Idara inaheshimu sakramenti zote, ila ratiba ya vichwa haikuzitaja.

"Kaka Jonathan," Editha akasema, "ngoja nimsuuze kwanza, halafu tutaongea."

"Kusuuza ni sehemu ya kuosha. Kifungu cha nne."

"Sasa nimwache na povu?"

"Unaweza kumwacha alivyokuwa wakati sheria ilipomkuta."

Nikaona nimsaidie. Nikasema tunaweza kupima kiwango cha uchafu, na kikizidi atastahili kibali cha dharura. Nikatoa kitana mfukoni. Editha akanishika mkono kwa vidole vyake vyenye povu.

"Hicho kitana kimetoka kichwani kwa nani?"

"Kwa Mkuu wa Idara, kwa uchache."

"Kimeoshwa?"

"Kitana hakimo katika ratiba ya kuoshwa."

"Basi hakimgusi mteja wangu."

Hapo alikuwa amevunja kifungu cha tisa, kuzuia kifaa. Sikuwa na njia nyingine. Nilifunga bomba, nikawatoa wote nje, nikabandika mlangoni karatasi nyekundu yenye mhuri. Wasusi wake wawili walibeba vigoda vyao, wakakaa ukutani wakaniangalia. Editha hakupiga kelele. Alikausha mikono taratibu kwenye aproni.

"Hawa wanakula kwa vidole vyao, kaka. Nikifungiwa mimi, wamefungiwa na wao. Unajua unachofanya?"

Nilijua. Nilihisi kitu kizito kifuani, ambacho baadaye kwenye taarifa nilikiandika kama changamoto ya kawaida ya utekelezaji.

Kibali cha kusuuza hutolewa ofisini, na husainiwa na Mkuu peke yake. Hivyo Mama Yuliana alivuka mji kwa miguu akiwa na povu kichwani, mimi mbele, Editha pembeni amemshika mkono. Wauza maji ya kandoro, yale ya vifuko, walisimama kumtazama. Kijana wa bodaboda aliuliza kama hiyo ni staili mpya. Mama Yuliana akamjibu kwamba ni staili ya serikali.

Tulifika saa nne. Mkuu alikuwa katika kikao cha kutathmini mafanikio, na kikao cha namna hiyo hakikatizwi kwa ajili ya mwananchi. Mama Yuliana alikaa kwenye benchi la koridoni. Saa tano povu lilianza kukauka. Saa sita lilikuwa jeupe na gumu kama unga wa muhogo. Saa saba alisema, kwa sauti ndogo, kwamba ngozi inamchoma, na Editha akamimina maji ya kunywa kiganjani akampaka pembezoni mwa nywele. Nilijifanya ninasoma faili, maana kitendo kile kilikaribia sana kuwa kuosha.

Wajumbe walipita mara kwa mara kwenda chooni, kila mmoja akijikuna. Tulishalizungumza suala hilo kwenye kikao cha Jumatano na kuazimia kwamba ni joto la Oktoba.

Saa nane Bwana Mwinshehe alitoka. Fomu inamtaka Mkuu athibitishe kwamba amekiona kichwa cha mwombaji kwa macho yake. Akaja, akainama juu ya Mama Yuliana, kalamu mkononi. Kabla ya kuandika, aliiingiza kalamu chini ya kofia kujikuna, kama alivyozoea siku hizo. Kofia ikateleza, ikaangukia mapajani mwa Mama Yuliana.

Mama huyo amelea watoto saba na wajukuu nisiojua idadi yao. Aliinua macho, akatazama utosi wa Mkuu kwa muda, kisha akasema kwa upole, kama anavyosema mtu anayemwambia mwenzake kifungo kimefunguka:

"Baba, una mapunye."

Koridoni palikuwa na watu kama kumi na watano.

Editha akasimama akaangalia naye. "Madoa matatu. Hili moja limeshakuwa kama kisahani." Kisha akanigeukia. "Kaka Jonathan, inama."

Niliinama. Sijui kwa nini niliinama, hana cheo chochote. "Na wewe," akasema. Akawaita wajumbe mmoja mmoja, nao wakainama. Kati ya vichwa kumi, tisa vilikuwa na mapunye. Wa kumi alikuwa na upara.

"Nani alianza kuchanwa na hicho kitana?" akauliza.

Muhtasari wa uzinduzi ulikuwa umebandikwa ukutani, wenye orodha ya waliochanwa kwa kufuata vyeo, na mwandiko ulikuwa wangu.

Bwana Mwinshehe aliokota kofia yake, asijue aivae au aishike. "Inatibika?" akauliza.

"Inatibika, mzee. Dawa mtapewa kituo cha afya. Ila mtahitaji mtu wa kuwaosha vizuri, maana mkijikwangua wenyewe mtaeneza."

"Wewe unaweza?"

"Naweza. Ila saluni yangu imefungwa."

Mkuu alivuta pumzi. Mbele ya wananchi wote wale, akasema, "Jonathan, kabandue."

Nikaenda kubandua. Gundi ya Idara ni imara sana. Nilitumia kucha, na karatasi ilitoka vipande vipande huku wasusi wawili wakinitazama kutoka kwenye vigoda vyao. Hawakunong'ona wala kunicheka. Heri wangecheka.

Katika kituo cha afya daktari alitupa vidonge na shampuu ya dawa, akaagiza vichwa vyetu vioshwe mara tatu kwa wiki kwa wiki sita, na kitana kichemshwe au kitupwe. Nilimkumbusha kuhusu siku kumi na moja.

"Kumi na moja za nini?" akauliza.

Mkuu akanishika bega, tukaondoka.

Tuliporudi Mji Mpya, saa kumi, Mama Yuliana alikuwa ameshaoshwa na kukaushwa, na anasukwa mtindo wa twende kilioni. Editha alituonyesha benchi la nje. Akasema foleni ni foleni. Tukakaa tisa, vichwa wazi, jua la jioni likitupiga madoa. Watu waliotoka sokoni walipunguza mwendo. Wengine tuliwahi kuwaandikia barua za kuwakumbusha ratiba.

Mama Yuliana alipomaliza alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu, akageuza shingo huku na huku. Akatutakia afya njema, mmoja mmoja, akaenda zake kwa mjukuu.

Mkuu aliingia wa kwanza kwa cheo. Editha alivaa glavu, akamlaza sinkini. Alimwosha kwa ncha za vidole, siyo kwa kucha, akaliacha povu likae dakika tano, akasuuza mpaka maji yakatoka safi.

"Binti," akasema, macho amefumba, "kwa kawaida mtu aoshe kila baada ya siku ngapi?"

"Inategemea, mzee. Anayefanya kazi ya jasho na vumbi, mapema. Aliyesuka na nywele zake ni kavu, wiki, hata wiki mbili. Unashika kichwa, unanusa mkono, unajua."

"Hiyo haiandikiki kwenye mwongozo," nikasema kutoka kwenye benchi.

"Nyamaza, Jonathan," akasema Mkuu.

Jumatatu tangazo liliondolewa kwa ajili ya maboresho, na maboresho yanaendelea. Jumanne sikutumwa popote.

Jumatano ilikuwa zamu yetu ya tatu ya dawa. Nilifika mapema nikamkuta Bwana Mwinshehe amenitangulia. Alikuwa amesimama peke yake mbele ya mlango uliofungwa, kofia ameishika mbele ya tumbo kwa mikono miwili. Editha alikuja na funguo, kanga begani, miaka yake thelathini na miwili. Mkuu alimpisha njia. Akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo," akasema.

Editha alisimama, akamtazama kuona kama ni utani. Haukuwa utani.

"Marahaba," akaitikia, akafungua mlango.