Jiko la Nyama Lazima Ling'ae

Jumatatu, 9 Machi

Mke wangu amefunua jiko la kuchomea nyama kule uani. Akalifunika. Akalifunua tena, kama mtu anayetumaini kuona kitu kingine. Lilikuwa lilelile: pipa lililokatwa katikati, likawekewa miguu na kifuniko, na ndani yake mafuta yameganda, masizi yamejipanga tabaka juu ya tabaka, na pembeni mjusi amehamia na familia yake. Sijaligusa tangu sherehe ya mwaka jana. Nimemweleza kwamba ule si uchafu, ni ladha iliyohifadhiwa.

Hakuelewa. Amesema Jumamosi baba yake anatimiza miaka sabini, watu wanakuja hapa, na jiko lisipokuwa safi kufikia siku hiyo, nyama atachoma kaka yake. Kaka yake! Shemeji huyo anatengeneza friji lakini anataka aitwe Injinia. Ana jiko la gesi linalong'aa kama jino la dhahabu, na hulifunika shuka kabla ya kwenda kulala.

Niseme ukweli, maana hapa hasomi mtu. Baba mkwe hanisemeshi mahali popote isipokuwa penye lile jiko. Sebuleni anaangalia ukuta. Mezani anaangalia sahani. Lakini nikishika koleo la nyama anasogea, anasimama karibu yangu na kuuliza, "Bado?" Mwaka juzi aliongeza, "Geuza hicho." Nilitembea na maneno hayo miezi. Nikinyang'anywa jiko, sina mkwe tena.

Jumanne, 10 Machi

Kusugua ni kazi ya watu wasiofikiri. Moto ndio uliochafua, moto usafishe. Nimemimina gunia zima la mkaa, nikawasha, nikafunika, nikaingia ndani kupumzika.

Moshi! Mweusi, mzito, wenye harufu ya nyama ya mwaka jana. Umevuka ukuta na kutua kwenye nguo za jirani zilizokuwa kwenye kamba. Jirani ni karani wa mahakama, mtu nadhifu anayepiga pasi hata soksi. Nimejifungia bafuni mpaka hasira zake zilipopoa. Jiko nalo limepoa. Masizi yapo palepale, ila sasa ni magumu kama lami. Mjusi amehama, na hiyo ndiyo faida pekee.

Jumatano, 11 Machi

Karani amekwenda kazini akifuatwa na mbwa watatu. Shati lake linanukia mbavu za ng'ombe. Mchana amerudi, mbwa bado nyuma yake, akaniambia kwa upole wa kutisha kwamba hakimu ameamuru mbwa watolewe mahakamani, naye akatolewa pamoja nao.

Mwingine angeomba radhi. Mimi nimepata wazo. Nimewakaribisha wale mbwa uani na kuwawekea wavu wa jiko chini. Wamelamba! Kwa bidii, bila manung'uniko, kuliko mtu yeyote wa nyumba hii. Upande mmoja ulishaanza kuonyesha chuma. Tatizo ni kwamba wavu una tundu, maana vyuma viwili vilichomoka zamani nami nikasema nitavirudishia. Mbwa mkubwa amepitisha kichwa pale kutafuta mafuta ya upande wa pili. Kikakwama. Akatimua mbio na wavu shingoni.

Nimemkimbiza mtaa baada ya mtaa, na kandambili moja. Watu wametoka madukani kuangalia. Na kati ya nyumba zote za mji huu, mbwa akaingia kwa shemeji. Jioni shemeji ameuleta wavu mwenyewe, umesuguliwa, umefungwa kwa gazeti. Amesema nisijali, alikuwa na dakika chache tu. Simpendi mtu yule.

Alhamisi, 12 Machi

Wavu safi, pipa chafu. Nimekumbuka kopo la rangi ya fedha iliyobaki tulipopaka geti. Kwa nini nihangaike kuondoa masizi wakati yanafunikika? Nimepaka ndani, nje, miguu na, bila kukusudia, mkia wa paka wetu. Jiko limependeza mpaka machozi yamenitoka, ingawa huenda ni harufu ya rangi.

Mke wangu amelizunguka, akalinusa, akaniuliza kama nimesugua. Nimemjibu kwamba matokeo anayaona. Amemtazama paka kwa muda mrefu, kisha akaingia ndani.

Ijumaa, 13 Machi

Nimefanya jaribio dogo kwa vipande viwili vya nyama. Rangi imevimba, ikapasuka, ikabanduka. Nyama imetoka inang'aa kama kijiko. Nilitaka kuifukia, lakini mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakugomba, na hapo ndipo nilipojua nimekwisha. Amempigia kaka yake simu mbele yangu, na kabla ya jua kuzama jiko la gesi lilikuwa uani kwangu na shuka lake. Shemeji ameniomba nisilishike.

Nimeumia. Kesho nitakaa sebuleni na baba mkwe, tuangalie ukuta pamoja.

Jumamosi, 14 Machi

Nimeamka mapema, nikajikaza kisabuni, nikachukua brashi ya waya. Nilikuwa nasugua na kunung'unika pale baba mkwe alipotokea uani. Amekuja mapema kwa sababu kwake kila mtu anamwambia akae, atulie, leo ni siku yake. Ameangalia jiko la gesi. Akaangalia langu. Akavua saa, akakunja mikono ya shati, akaomba brashi nyingine.

Tumesugua asubuhi nzima. Na amezungumza! Sikujua mzee ana maneno mengi kiasi kile. Ameniambia habari za malori aliyoendesha, za magoti yake, za jinsi nyumba inavyomchosha tangu alipostaafu. Kisha akasema bila kuniangalia, "Mwanangu, kule sebuleni huwa nakuonea haya. Sijui nianzie wapi. Hapa angalau kuna nyama ya kuulizia."

Nikasugua kwa nguvu zangu zote, na kitako cha pipa kikadondoka. Kumbe chuma kilikwisha kuliwa na kutu siku nyingi, na masizi ndiyo yaliyokuwa yameshikilia jiko. Tukabaki tunatazama miguu yetu kupitia tundu.

Wageni wametukuta weusi kama vyungu, tuna madoa ya fedha. Nyama amechoma shemeji. Ilikuwa nzuri, siwezi kukana. Lakini baba mkwe amegoma kuingia ndani. Amekula uani, juu ya ndoo, karibu yangu.

Jumapili, 15 Machi

Baba mkwe amepiga simu. Si kwa binti yake, kwangu! Amesema bomba la moshi la jikoni kwake limejaa masizi, akaniomba niende Jumamosi tulisugue wote, taratibu, huku tukizungumza. Nimekubali kabla hajamaliza. Nimefurahi mpaka nimekumbatia mlango wa friji.

Ila kusugua tena kwa mikono, siku nzima? Nimekaa nikafikiri. Fundi wa kujaza matairi upepo ana mashine kubwa, na nilisoma naye. Tukiingiza mpira wake juu ya bomba na kufungulia upepo wote, masizi ya miaka yatashuka kwa mkupuo mmoja mpaka jikoni, nasi tutakuwa tumemaliza kabla ya chai. Mama mkwe amepaka jikoni rangi nyeupe wiki iliyopita, kwa hiyo tutaona vizuri kila kinachotoka.