Chumba Kimoja Kilichobaki

Kitendawili! Haya, nimesikia mmeitika tega. Majogoo watatu wamegombania punje moja tangu asubuhi mpaka jua linakaribia kuzama. Punje kaila nani? Msijibu mbio mbio. Kaeni kwanza niwaambie yaliyotokea kijiweni kwetu.

Kijiwe chenyewe ni benchi refu nje ya duka la kinyozi. Mlango uko wazi, redio iko dirishani, na mimi niko pembeni na birika langu la kahawa. Kinyozi tunamwita Kesho. Ukimwambia kiti chake kinayumba, kesho. Ukimwambia kioo chake kina ufa, kesho. Mke wake alianza kumwomba likizo mtoto wao wa kwanza akiwa mgongoni, na mtoto huyo sasa anakuja hapa kunyolewa ndevu.

Asubuhi hiyo redio ikatangaza: hoteli moja ya ufukweni inatoa vyumba vilivyobaki kwa nusu bei, ila uweke nafasi leo leo kabla ya magharibi, na alfajiri uwe njiani.

Kesho alikuwa na kichwa cha mteja mkononi, karani mmoja wa ghala, mpole, maneno yake ya kuhesabu. Upande wa kulia ulikuwa unang'aa, wa kushoto bado msitu. Kesho akazima mashine, akamwambia, "Dakika moja, ndugu yangu," akatoka nje na simu.

"Jamani, nisaidieni. Mama watoto kafunga sanduku. Anapita hapa jioni. Kama kuna safari, tunakwenda wote. Kama hakuna, sanduku linakwenda kwa mama yake, na kurudi hakusema lini."

"Toba!" akaruka Nahodha. Huyu ni fundi bomba. Bahari hajaiona hata siku moja, lakini kwa kuwa kazi yake ni maji, basi maji yote ya dunia ni ya kwake. "Umekuja kwa mwenyewe. Fungua hiyo simu."

"Asiguse kitu kwanza!" akanguruma Waziri. Waziri ni mlinzi wa benki, anasimama nje ya mlango mwaka wa ngapi sijui, ndiyo tukampa cheo cha Waziri wa Mambo ya Nje. "Safari haiendwi kichwa kichwa. Tukae, tujadili."

Wakakaa. Wakajadili.

"Inauliza," akasema Kesho, pua karibu na kioo, "chumba upande wa bahari au upande wa bustani?"

"Bahari!" akasema Nahodha. "Mtu unakwenda baharini kutazama majani? Majani si hata nyuma ya choo chako yapo?"

"Bustani," akasema Waziri. "Kiusalama, upande wa maji hauna ukuta. Adui akitoka majini, utamzuia na nini?"

"Adui gani atoke majini? Kaa?"

"Kaa anaingia hata chini ya mlango, bwana. Usidharau mdogo."

Mimi nikamimina kikombe, nikauliza, "Kesho mwanangu, mkeo mwenyewe anapenda upande gani?"

"Bibi, ngoja kidogo," akasema Waziri na kiganja juu, kama anazuia gari. "Hapa tuko kwenye mambo ya kitaalamu."

Nikangoja. Mtu mzima hagombanii maneno na watu wanaokunywa kahawa yake.

"Sasa inauliza kifungua kinywa, ndiyo au hapana."

"Hilo nalo ni swali?" akasema Nahodha. "Kwani shemeji anakwenda kufunga?"

"Weka hapana!" Waziri akasimama kabisa. "Chakula cha hoteli wanakupa tunda limekatwa kama masikio ya panya. Mbebe mkate wenu."

"Ubebe mkate kwenye hoteli ya bahari! Waziri, wewe ukienda peponi utabeba na maji."

"Nitabeba. Nani ameniambia kule mabomba yametengenezwa na nani? Kama ni wewe, tutakufa mara ya pili kwa kiu."

Benchi likacheka. Hata kule ndani nikasikia karani anacheka chini ya shuka la kunyolea, mikono yote imefunikwa. Nikamchungulia. "Mwanangu, hujachoka kukaa?"

"Nimestarehe, bibi. Wanaeleza vizuri sana."

Na kweli walieleza. Nahodha alisifu upepo wa bahari unavyokausha jasho la maisha. Waziri alisifu kulala mchana bila mtu wa kukuuliza kitambulisho. Walivyokuwa wanasema, hata birika langu lilitamani kusafiri.

"Mkeo lakini," nikarudia, "alishawahi kukwambia anataka kwenda kufanya nini huko?"

"Bibi, kahawa kidogo hapa," akasema Nahodha.

Jua likahamia upande wa pili wa barabara. Kesho akashtuka. "Jamani, imeandika kimebaki chumba kimoja!"

"Usitishike," Nahodha akamtuliza. "Hiyo danganya toto. Mimi mwenyewe kila mteja namwambia bomba limebaki moja, na ghala limejaa."

"Kweli kabisa," akasema Waziri, na hiyo ndiyo mara pekee walipokubaliana siku nzima. "Mwache mwenye hoteli ahangaike, atashusha bei tena. Enhe, turudi kwenye bustani."

Kesho akaweka simu chini. Chini ya shuka, ndani, kitu kikalia ting.

Alipoichukua simu tena, rangi ikamtoka usoni. "Vimekwisha."

Kila mmoja akatazama kikombe chake kana kwamba chumba kimezama humo. Kesho akaingia ndani polepole, akawasha mashine, akashika kichwa cha karani.

"Unikate vizuri, kaka," karani akasema kwa aibu. "Alfajiri nasafiri."

"Unakwenda wapi?"

"Ufukweni. Nilipata kile cha mwisho."

Mashine ikazimika.

"Msinitazame hivyo, wazee. Nilikuja kunyoa tu. Nyinyi ndio mlionishawishi!"

"Ndugu mteja," akasema Kesho, sauti imekauka, "umeme umekatika."

"Mbona redio inaimba?"

"Umekatika kwenye mashine."

Hapo ndipo sanduku likasimama mlangoni, na mkewe nyuma yake, amevaa kofia pana. Hakusalimia. "Umeweka?"

Nahodha akaanza kukagua kiatu chake. Waziri akakumbuka zamu. Kesho akasema, "Mke wangu, ke..."

"Usilimalizie hilo neno."

Karani akainuka na nusu kichwa chake. "Mama, mimi ndiye ninacho. Na kusema kweli, hata ruhusa kazini sijaomba, mori ulinipanda tu. Kichukue. Ni cha watu wawili, upande wa bustani. Majina yanabadilishwa mpaka magharibi."

"Bustani!" mama wa watu akashika kifua. "Hicho hasa! Bahari nitaifuata kwa miguu yangu. Ninachotaka ni usingizi, mahali pasipo kelele."

Kesho uso ukachanua. "Si nilijua! Andika basi, ndugu yangu. Jina la kwanza la mke wangu, la pili langu."

Mkewe akamtazama karani. "Hebu niambie wewe uliyekaa hapa kutwa. Katika hawa, nani aliuliza mimi nataka nini?"

Karani alinyoosha kidole kutoka chini ya shuka, kikapita kwa Nahodha, kikapita kwa Waziri, kikaja kutua kwangu na birika mkononi.

"Bibi," mke wa Kesho akaniambia, "una nguo ya kubadilisha?"

"Na mimi je?" Kesho akalia.

"Wewe si ulisema miaka yote duka halijifungui lenyewe? Kaa nalo. Mmalizie kijana kichwa, na usimtoze. Kahawa ya benchi utachemsha wewe."

Nasikia anachemsha, na wanasema haiingii mdomoni. Wakimwuliza atajifunza lini, mnalijua jibu lake.

Haya, turudi kwa majogoo. Punje kaila nani? Mmeshindwa? Basi ilikuwa mnipe mji. Lakini safari hii msisumbuke kunitafutia. Mji ninao, una bustani dirishani, na mwenzangu hapa kwenye kitanda cha pili bado amelala.