Umekuja Kusikiliza Bendi Gani?

Jumatatu, 3 Juni

Mvua. Nepi hazikauki. Hasira nayo haikauki.

Tetsuro, mume wangu, ametoka kuitwa na Kuroiwa, mwenye ule ukumbi wa chini ya ardhi hapa Koenji, Tokyo, anakopiga ngoma Tetsuro kila mwezi na bendi yake ya roki, Mbweha wa Chumvi. Kuroiwa kasema Jumamosi mchana ndiyo mara ya mwisho kuwavumilia. Pale mlangoni kila anayeingia huulizwa amekuja kusikiliza bendi gani, na bendi aliyoitaja hupigiwa alama. Mbweha wakiambulia alama chache tena, nafasi yao ya kila mwezi wanapewa bendi ya Lifti ya Usiku. Basi Tetsuro atauza ngoma aende kwa mjomba wake kule Niigata kuoka biskuti za mchele.

Aliyasema haya huku akimlisha Nagi wetu wali, kwa sauti ya mtu anayekuambia sosi ya soya imeisha. Nikakasirika mpaka nikaosha sufuria iliyokuwa safi.

Na Lifti ya Usiku ni ya nani? Ya mdogo wake Mama Rinka! Mama Rinka wa chekechea ya Nagi, mwenye mwavuli wa rangi moja na viatu vyake.

Huyu mume nilimpenda akiwa nyuma ya ngoma. Nyumbani ni mpole, anaomba radhi hata akigonga meza. Akishika zile fimbo, mabega yanafunguka, anakuwa mtu kamili. Ati mabega yale yakaoke biskuti. Mimi nipo hapa? Thubutu.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata mpango.

Chekechea imejaa akina mama ambao hawajasikiliza roki maisha yao yote. Masikio mapya kabisa! Nikiyawahi mimi, ni yangu. Leo asubuhi getini, baiskeli zote zimesimama, nikatangaza kwamba anayetaka kuanza aniulize mimi, ninayeuza santuri kuukuu. Shule sikufika mbali, lakini hili nalijua.

Nikawaeleza vizuri. Usianze na wapiga mayowe, utakimbia. Anza na bendi ya watu watatu, maana unasikia kila mmoja anafanya nini. Kama unaosha vyombo, weka Sabuni ya Jumanne, wanaimba polepole na maji hayawazidi. Kama umetoka kugombana na mama mkwe, Reli Mbovu, tena sauti juu na dirisha ufunge. Walicheka, mmoja akaandika kwenye simu yake. Moyo wangu ukavimba.

Halafu ikafika zamu ya kuwataja Mbweha, ulimi ukagoma. Utamsifuje mume wako mbele za watu? Nikasikia ninasema eti kuna na bendi ya mume wangu, takataka tu, kelele tupu, lakini kama Jumamosi hamna la kufanya...

Mama Rinka akadakia. "Jamani Mama Nagi, usijishushe hivyo. Takataka ni sisi. Mdogo wangu akiimba hata paka anahama. Njooni tu wote, muone takataka zetu kwa pamoja."

Wakaangua kicheko. Kaniibia darasa langu, kwa adabu, akiwa ameinama!

Nimemenya viazi vyote vya wiki hii.

Jumatano, 5 Juni

Mpango wa pili, huu mkali.

Pale dukani Mzee Hanzawa, mwenye duka, anatuachia tuandike kadi kwa mkono na kuzibandika kwenye rafu, mgeni wa roki ajue aanzie wapi. Kadi ya Mbweha nimeiandika kwa upendo: "Kama hujui pa kuanzia, anza na hawa. Mpiga ngoma wao hatakuangusha."

Kisha nikavuta kadi ya Lifti ya Usiku. "Usianze na hawa. Ni kama friji inayoporomoka ngazini. Mwimbaji analia kama mtu aliyebanwa na mlango wa treni. Mwanangu aliwasikia akakataa chakula."

Nikaibandika mahali pa juu, pa kuonekana. Nikarudi nyumbani nikipiga mluzi kwenye mvua.

Ijumaa, 7 Juni

Santuri za Lifti zimeisha. Zote!

Vijana wanakuja kuipiga picha kadi yangu. Mmoja mwenye nywele za kijani kaniambia hajawahi kusoma kadi yenye moyo kiasi hiki, na kwamba friji inayoporomoka ngazini ndiyo sauti aliyoitafuta tangu shule ya msingi. Kauliza wanapiga wapi. Mzee Hanzawa akawahi kumjibu: kesho, kwa Kuroiwa. Kisha akanipa mochi, keki laini ya mchele yenye maharagwe matamu ndani, akaniomba niandike nyingine kama ile. Nimeila mochi kwa hasira. Ilikuwa tamu, nikazidi kukasirika.

Kadi ya Mbweha imesomwa na bibi mmoja tu. Alinisahihishia herufi, akaenda zake.

Lakini tumaini lipo. Akina mama wote wanakuja kesho, hata mwalimu mkuu wa chekechea, Bi Oginome. Nimemvuta kila mmoja pembeni, nikamwomba akiulizwa mlangoni ataje Mbweha wa Chumvi. Wote waliitikia kwa kichwa. Ndiyo, najua kuitikia si kukubali. Lakini waliitikia sana.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika hata mwavuli sijaukunja.

Tulifika pamoja, foleni safi ya miavuli kwenye zile ngazi za kushuka. Mbele kabisa Bi Oginome, maana nani atamtangulia mwalimu mkuu? Nyuma yake Mama Rinka. Kisha akina mama, na mwisho mimi, Nagi mgongoni na vizuia-kelele masikioni. Nilikuwa nawahesabu kama kuku wangu.

Msichana wa mlangoni akamuuliza Bi Oginome amekuja kusikiliza bendi gani. Bi Oginome akageuka. Akamtazama Mama Rinka, akanitazama mimi. Akatabasamu lile tabasamu analotoa watoto wawili wanapogombania ndoo moja.

"Aa, mimi bendi zote tu, mwanangu."

Msichana akaweka alama pembeni, kwenye safu ya wasio na bendi. Safu ile haimsaidii mtu yeyote.

Mama Rinka akainama. "Na mimi vilevile."

Aliyefuata, na mimi vilevile. Aliyefuata, vilevile. Mstari mzima, kama watu walioingia mgahawani na wa kwanza kaagiza tambi! Nani atataja bendi moja wakati mwalimu mkuu kazitaja zote? Angeonekana mtu gani? Nilichemka. Nilijiapia kwamba mimi nitalitaja jina la Mbweha hadi Shinjuku wasikie. Ikafika zamu yangu. Wote wamegeuka wananingoja, Bi Oginome kichwa kakiinamisha kidogo, kwa upole.

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Na mimi vilevile."

Mdomo wangu mwenyewe! Nyuma yangu vijana wa nywele za kijani wakamiminika: Lifti, Lifti, Lifti.

Tetsuro alipiga vizuri kuliko siku zote. Mabega yalifunguka. Nagi alipunga mikono yote miwili, mama mmoja alilia. Baadaye Kuroiwa akamwonyesha Tetsuro karatasi ya mlangoni: chini ya Mbweha wa Chumvi palikuwa peupe kama wali. Nafasi imekwenda.

Mama Rinka akanifuata akaniomba radhi. Nikamwambia hapana, wa kuomba radhi ni mimi. Tuliinamiana mpaka mgongo ukauma. Simpendi.

Jumatatu, 10 Juni

Nimemweleza Tetsuro kila kitu. Akacheka mpaka akashika ukuta, jambo lililoniudhi kuliko kama angefoka. Akasema mwenye ukumbi mwingine, wa Asagaya, alikuwepo Jumamosi na kapenda ngoma. Anawapa siku moja Julai, kuwapima. Mlangoni huko nako swali ni lilelile. Wakishindwa, ni biskuti kweli, mjomba keshaulizwa.

Kisha akapiga magoti kwenye mkeka, akaweka mikono chini kama mgeni. "Mama Nagi, nakuomba. Safari hii usinisaidie."

Nikaahidi. Mtu akipiga magoti hivyo utakataaje?

Lakini nimefikiri leo wakati naanika nepi, nimeliona kosa. Wale akina mama hawakuwa na adabu ya kutosha. Mtu mwenye adabu kamili akiombwa jambo pembeni hulitimiza, hata mbele ya mtu yeyote. Kwa hiyo nimepita kwa mabibi wa darasa la adabu za kuandaa chai, pale nyuma ya hekalu. Hakuna watu wenye adabu kama wale Tokyo nzima. Roki hawajawahi kuisikia, nimeanza kuwafundisha taratibu. Wote watakuja, na mbele watamweka mwalimu wao, mwenye miaka tisini.

Nimewaomba wataje Mbweha wa Chumvi.

Waliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka.