Alhamisi ya Saa Thelathini na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Nisamehe, daftari langu. Wiki saba sijakugusa. Nilikuficha chini ya godoro la mtoto usipotee. Hukupotea. Umelowa. Tusameheane.

Habari ni hizi. Mtoto ana miezi minane. Mimi nimebakiza muhula mmoja kumaliza chuo cha ualimu wa watoto wadogo. Kozi ya Makuzi ya Mtoto ina krediti kumi na mbili. Krediti moja ni saa kumi za kazi: kukaa darasani, kujisomea, mazoezi ya vitendo, vyote humo. Jumla saa mia moja na ishirini, na kila mtu ajaze fomu ya saa zake. Ninazo arobaini na tisa. Bado sabini na moja. Mwisho Ijumaa.

Bila fomu hakuna mtihani. Bila mtihani, mkuu wa chekechea ya ng'ambo ya barabara atampa mwingine ile kazi aliyoniahidi. Kazi yenye kitanda cha mtoto pembeni ya darasa. Nimekiona. Kina neti.

Mwenzangu darasani, tunamwita Bi Rula kwa kupenda mistari iliyonyooka, alimaliza saa zake mwezi uliopita. Aliniambia kwa upole. Upole ule unauma kuliko tusi.

Jumanne, 4 Machi

Leo akili imefunguka. Nilikuwa nanyonyesha. Kitabu gotini. Simu sikioni, inanisomea mhadhara niliokosa. Macho kwa Kijino (ndivyo tunavyomwita, ana jino moja), namwangalia anavyokamata kidole changu. Na kumwangalia mtoto ndiyo mazoezi ya vitendo yenyewe!

Saa moja, kazi tatu. Andika tatu. Huu si wizi. Ni hesabu ya mtu aliyeelemewa.

Jumla ya leo: saa kumi na sita. Na mchana nilisinzia.

Mama mkwe, tunayeishi naye, aliuliza mbona natabasamu na mtoto amenitapikia. Nikasema nasoma. Akasema mshika mbili moja humponyoka. Nikamjibu kwa heshima kwamba mimi nimeshika tatu.

Jumatano, 5 Machi

Saa ishirini na nne. Siku nzima, haikupotea hata dakika. Bi Rula ajifunze.

Alhamisi, 6 Machi

Jino la pili linatoka. Homa, kilio, kubebwa. Nimebeba, nimesikiliza, nimesoma kurasa zilezile mbili. Saa kumi: tisa nimezihesabu mara tatu, na moja mara nne, maana nilikuwa nafua nepi, na kwenye kitabu kuna sura ya usafi. Thelathini na moja. Jumlisha zote: sabini na moja kamili! Mungu hamtupi mja wake.

Ijumaa, 7 Machi

Foleni ya dirisha la fomu. Bi Rula nyuma yangu. Karani, miwani kwenye paji la uso, alishusha kidole safu kwa safu. Kidole kikasimama.

“Mama, Alhamisi yako ina saa thelathini na moja.”

Nikasema ilikuwa siku ndefu. Nyuma yangu mtu alikohoa.

Akaniuliza nililala wakati gani. Nikasema hata nesi wa kliniki ananiuliza hilo hilo. Akanieleza, bila ubaya, kwamba saa hizi zimekadiriwa kwa mwanafunzi wa kawaida. Nikauliza huyo mwanafunzi wa kawaida anafuliwa na nani, na akisoma mtoto wake anashikwa na nani. Karani akatazama mwongozo, akatazama dari. Akasema hilo halikuandikwa. Akanipeleka kwa mwalimu wa kozi.

Mwalimu ni mama mtu mzima, mkono wa gauni umejaa chaki. Hakucheka. Ningefurahi angecheka. Alikata zote sabini na moja kwa mstari mmoja. Kisha akasema nimwangalie mwanangu kweli, niandike ninachokiona, na kila saa iwe na sahihi ya mtu mzima aliyeniona. Akaniongezea wiki moja.

“Krediti sikunyimi, mwanangu. Lete saa za kweli.”

Jumatatu, 10 Machi

Shahidi ni mama mkwe. Kosa langu. Yule mama hajui kudanganya hata kwa mgeni anayeuliza kama chakula kinatosha. Amevuta kiti mbele ya saa ya ukutani na kalamu yake mwenyewe. Nimesoma alichoandika:

Saa nne, anamwangalia mtoto. Saa tano, anamwangalia mtoto. Saa sita, mtoto anamwangalia yeye, amelala.

Nikamwomba hiyo ya tatu aitie sahihi tu. Akasema, “Mkwe wangu, mimi nimeandika nilichoona.” Kisha akamchukua Kijino mgongoni, akaniambia nikajinyooshe, na saa hiyo haiandiki kabisa.

Nililala. Saa mbili. Hazimo kwenye fomu yoyote.

Jumatano, 12 Machi

Kijino leo alihamisha kijiko kutoka mkono huu kwenda ule. Kikaanguka. Akakitafuta nyuma yake, siyo mbele. Niliandika ukurasa mzima bila kuangalia saa. Mama mkwe ndiye aliyenikumbusha kwamba imepita.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepeleka saa arobaini na nne, zote zina sahihi. Mwalimu alisoma ukurasa wa kijiko mara mbili. Akasema hivi ndivyo mwalimu wa chekechea anavyotazama. Nikapangusa macho, nikasingizia chaki.

Zimebaki ishirini na saba. Ameniongezea hadi Ijumaa ijayo, na hapo ndipo mwisho wa mwisho. Mlangoni akanionya tena, akihesabu kwa vidole: saa moja, mtoto mmoja, ukurasa mmoja.

Nimetembea njia nzima nikirudia maneno hayo. Mtoto mmoja. Mtoto mmoja!

Jumamosi, 15 Machi

Hakusema itakuwaje watoto wakiwa watatu.

Dada yangu mkubwa ana pacha wa miezi kumi na moja. Wale wawili na Kijino, watatu. Saa moja, watoto watatu, kurasa tatu. Ishirini na saba kugawa kwa tatu ni tisa. Siku moja tu! Tena halali kabisa.

Ujumbe kwa dada, nimeuandika hapa kwanza nisisahau kitu:

Dada, shikamoo. Samahani kwa kimya. Naomba uniletee kabla ya Jumanne: pacha, wote wawili, mmoja hanisaidii. Nepi za siku moja. Nguo za kubadilisha, jozi tatu kila mtoto. Vikombe vyao vyenye mifuniko. Kadi zao za kliniki, zioneshe umri. Kalamu mbili za wino wa bluu. Na shangazi yetu, aje kutia sahihi badala ya mama mkwe. Miwani yake ibaki huko.