Siku Walter Alipotembelewa na Watu wa Maombi

Leo nimeaibika kikamilifu. Sikuaibika kidogo kidogo, kama mtu anayejikwaa ngazini na kujifanya alikuwa anakimbia. Nimeaibika mbele ya mchungaji, muuguzi, mama mtu mzima na chupa ya chai iliyojaa uji. Naeleza kwa utaratibu, kama ilivyotokea, ili asiwepo wa kuongeza chumvi. Iliyopo inatosha.

Walter ni kobe. (Laiti ningeandika hivyo juzi.) Ni kobe wa mtoni, mwenye shingo ndefu inayokunjwa ubavuni kama mkono wa shati. Ni mali ya mzee Colin, mwenye nyumba ninamopanga chumba hapa Kensington, ingawa mimi neno "mali" silikubali kwa kiumbe mwenye uhai. Wameishi pamoja miaka thelathini na kitu. Wiki mbili zilizopita mzee alisafiri kwenda Perth kumwona dada yake, akaniachia funguo, kibali cha kufuga na sentensi moja: "Huyu hana shida."

Baada ya siku chache shida ikaanza. Walter aliacha kula. Pua ikatoa povu. Akiwekwa majini alielea upande mmoja kama ndoo iliyotoboka. Daktari wa wanyama alisema ni mapafu, akampiga sindano ya kwanza, akanipa nne za kwenda nazo nyumbani, moja kila baada ya siku tatu. Kisha akaniambia jambo ambalo limeninyima raha tangu hapo: huu ni mwezi wa Mei, huku kusini mwa dunia baridi inakuja, na kobe wa aina hii baridi ikikolea hulala kwa miezi. Akilala akiwa mgonjwa na tumbo tupu, haamki.

Sindano ya pili nilimdunga mimi. Dawa iliingia kwenye taulo. (Taulo linaendelea vizuri.)

Sindano ya tatu ilikuwa ya leo.

Basi juzi, nikiwa nimeelemewa, niliandika katika kundi letu la maombi la kanisa. Jioni ninafanya kazi katika makao ya wazee, na huko tumefundishwa kuandika hali ya mgonjwa bila kupamba. Nikaandika hivyohivyo: "Wapendwa, naomba mumwombee Walter, ninayeishi naye. Leo ni siku ya sita hajala. Pua inatoa povu, macho yamevimba, na akisogea anaegemea kushoto. Daktari anasema majira ya baridi yakimkuta hivi, hataamka. Mwenye nyumba amesafiri. Walter amebaki na mimi peke yangu."

Sikutaja kwamba ni kobe. Sikusahau, niliamua. Nimesomea maadili ya mazingira, na ninaamini kwa dhati kwamba mateso hayapimwi kwa idadi ya miguu. Nilijiambia: anayetaka kujua Walter ni nani, atauliza. Hakuuliza mtu. Zikamiminika "Amina" mpaka simu ikapata joto. Nikaguswa sana. Nikaona jamii yetu imekomaa, imelivuka swali hilo.

Haikuwa imelivuka. Haikujua kama lipo.

Leo saa nne asubuhi kengele ikalia. Mlangoni alisimama Mchungaji Tito, suti ya kijivu, Biblia kwapani. Nyuma yake dada Nyambura, muuguzi anayefanya kazi hospitali ya Westmead, bado na sare yake. Nyuma yao Mama Riziki, Mkongo, aliyetoka Bankstown kwa treni na basi huku amepakata uji.

Sote tumelelewa hivyo: mgonjwa hatumiwi ujumbe na kuachwa, mgonjwa hutembelewa. Hilo nalijua. Ila sikuwahi kuona desturi hiyo ikimfikia kobe. Machozi yalinilenga.

"Bwana asifiwe, Elia," Mchungaji alisema kwa sauti ya chini. "Mgonjwa wetu ameamkaje?"

"Amina, Mchungaji. Ameamka, ila hamu ya chakula bado."

"Choo amepata lini mara ya mwisho?" Nyambura aliuliza huku akivua koti.

"Jumanne."

"Jumanne! Na maji je, anakunywa?"

"Kila asubuhi namweka kwenye beseni la maji ya vuguvugu, saa nzima. Hunywa humohumo."

Nyambura alinitazama. "Anakunywa maji ya kuogea?"

"Ndivyo walivyo, dada."

(Alidhani nasema Wazungu. Amekiri baadaye.)

"Unamuogesha wewe mwenyewe?" Mama Riziki aliuliza.

"Mimi mwenyewe, Mama. Na mgongo nampiga mswaki, polepole."

Mama Riziki aliweka chupa mezani, akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Mwanangu, Mungu atakulipa. Na ndugu yake, iko wapi?"

"Hawajulikani, Mama. Aliokotwa kando ya barabara akiwa mdogo sana."

"Yesu wangu! Kando ya barabara!"

Hapo nilipaswa kunyamaza. Badala yake nilitoa hotuba. Nilisimama mbele ya mlango wa bafu, nikawashukuru kwa kunifundisha kwamba upendo wa kweli hauulizi umbo la anayependwa. Mchungaji alisema Amina. Nyambura alisema, "Sawa, Elia, fungua mlango." Mchungaji alimwachia Mama Riziki Biblia, akafumba macho tangu ukumbini, akanyoosha mkono, akaingia akiwa tayari anaomba.

"Baba, tunamleta mbele zako mtumishi wako Walter..."

Nilimsaidia. (Nakiri. Nilimshika mchungaji kiwiko na kumwelekeza kwenye beseni.) Kiganja kikatua juu ya gamba.

Maombi yakasimama. Mchungaji akapapasa gamba lote, ukingo kwa ukingo. Kisha akafumbua macho. Walter naye akafumbua yake, kadiri uvimbe ulivyomruhusu.

Kobe wa aina hii hana mbio wala meno. Akiogopa ana silaha moja: hurusha majimaji yenye harufu ambayo sitaieleza, kwa kuwa baadhi yenu mnasoma mkiwa mezani. Majimaji yalifika kwenye mkono wa suti ya kijivu. Yakaendelea mpaka kwenye tai.

"Elia," Nyambura alisema. "Hii ni kobe."

"Ni Walter."

"Ati Walter ni kobe?"

"Ndiyo, dada."

"Yaani nimetoka shifti ya usiku, sijalala, nimevuka jiji lote nikuje kuona kobe?"

Mama Riziki alichungulia juu ya bega lake. "Eh! Na uji yangu sasa?"

Nilianza kueleza kuhusu maadili ya mazingira. Nilifika sentensi ya pili.

"Elia, mwanangu," Mchungaji alisema kwa upole mkubwa, akipumua kwa mdomo, "nyamaza."

Nilinyamaza. Miaka mitano ya chuo kikuu ilinyamaza pamoja nami.

Katika kimya hicho Walter alipumua, na pumzi ikatoa mlio kama filimbi iliyoingia maji. Nyambura aliinama. Uso wake ukabadilika, ukawa wa kazini.

"Huyu hapumui vizuri." Akaona sindano kando ya sinki. "Hii ni ya lini?"

"Ya leo."

"Unajua kudunga?"

Nilimwonyesha taulo.

"Shika huko nyuma. Mama, washa taa. Wee Walter, tulia, nimedunga wazee wanaong'ata."

Haikuchukua hata dakika. Dawa yote iliingia kwenye mguu wa mbele. Walter akajitetea tena, na safari hii alinipata mimi, usoni. Sikulalamika.

"Chakula unamupatia namna gani?" Mama Riziki aliuliza.

Nikaeleza kwamba nilikuwa namwekea samaki kwenye kisahani kando yake, kisha natoka na kufunga mlango, kwa kuheshimu faragha yake.

"Mugonjwa anakula peke yake? Leta hiyo samaki hapa."

Akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akachukua kipande kidogo, akakichezesha majini mbele ya pua yenye povu. "Kula, papa. Kidogo tu. Kula." Alimbembeleza hivyo, kama anayemlisha baba yake, muda mrefu sana. Nilikuwa nimeshakata tamaa shingo ilipotoka, taratibu, sentimita kwa sentimita. Ikanyakua. Ikameza. Hata Mchungaji alisahau tai yake.

Mchungaji alipokuwa ananawa aliniita. "Elia, kuna jambo. Tulimweka Walter kwenye orodha ya kufunga na kuomba. Akina mama kadhaa hawajala tangu jana. Wanadhani ni mzee wa watu."

"Nitawaeleza, Mchungaji."

"Utawaandikia leo hii, kundini, kila kitu. Bila falsafa."

Nimeandika. Akina mama mnaofunga, nawaomba radhi kwa moyo wote, na nawasihi mle. Walter ameshakula.