Sekunde Kumi na Saba za Kicheko

Jumatatu, 3 Machi

Kwako Kicheko,

Miezi minane leo tangu tukuzike. Nimefungua duka saa mbili, nimetia mafuta cherehani, mengine nimeyamwagia mkono wa shati. Najua ungesema nini.

Habari mbaya. Yule dobi mstaafu wa podikasti yetu, "Doa na Dobi", ametangaza kwamba asipopata wasikilizaji mia moja kufikia Jumamosi jioni, ataifunga na kufuta vipindi vyote. Vyote! Sasa hivi anao sitini na mmoja. Mmojawapo ni mimi.

Kipindi cha ishirini na saba ndicho ulichopiga simu kuuliza mafuta ya cherehani yanatokaje kwenye shati jeupe. Ukamwambia mume wako anajipaka mafuta hayo kama anakwenda harusini. Halafu ukacheka. Sekunde kumi na saba, nimezipima. Sina sauti yako pengine popote. Simu yako ilizama kwenye ndoo ya nguo, na yangu wakati ule kazi yake kubwa ilikuwa kumulika.

Basi, wanatakiwa thelathini na tisa. Mimi hushona suti ya vipande vitatu kwa siku mbili. Nishindwe na hili?

Nimebandika karatasi mlangoni: PODIKASTI TANO ZINAZOFAA KUSIKILIZWA. Ya kwanza, Doa na Dobi. Ya pili, Doa na Dobi, kipindi cha ishirini na saba. Ya tatu, yule bibi anayenong'ona habari za ndege (wewe ulikuwa unalala kabla ndege wa kwanza hajatua). Ya nne, mke na mume wanaobishana njia ndani ya gari. Hawajafika mpaka leo. Ya tano, Doa na Dobi, kwa waliosahau ya kwanza.

Sababu sijamwambia mtu. Nikijaribu, maneno yanakwama kama zipu mbovu.

Jumanne, 4 Machi

Kinyozi wa mlango wa pili naye amebandika orodha. Podikasti KUMI! Zote za mpira, isipokuwa moja ya ndondi. Wino mwekundu, na juu yake picha yake mwenyewe akitabasamu.

Amepaza sauti kutoka kwake kuniuliza ni nani atakaa dakika arobaini kusikiliza habari za madoa, labda sabuni yenyewe. Wateja wake wakaangua kicheko, hata yule aliyekuwa na wembe shingoni, jambo la hatari sana.

Nikamjibu kwamba mpira ukiisha umeisha, lakini doa lipo palepale. Niliona ni jibu zuri. Nimelifikiria mpaka saa sita na sasa sina hakika.

Wasikilizaji: sitini. Yaani mmoja ametoka!

Jumatano, 5 Machi

Nimepata wazo. Mtu aliyechomekwa pini suruali nzima haendi popote!

Mwalimu Mkuu alikuja kupima suruali ya kijivu. Nikampandisha kwenye kibao, nikamchomeka pini thelathini: pindo, kiuno, na pale pa kukalia. Nikawasha spika. Kipindi cha kwanza, doa la wino. Nikasema ngoja pasi ipate moto. Kipindi cha pili, doa la kutu. Nikasema chaki imepotea. Ilikuwa nyuma ya sikio langu, naye alikuwa anaiona. Akaniuliza kwa upole kama mimi nimelelewa na watu. Kutu ilipofika katikati, akaruka chini, akasema ana kikao cha wazazi, akaondoka na suruali vilevile ilivyo.

Habari zimenifikia jioni. Alifungua kikao vizuri, akaketi, kisha akaruka juu mikono yote miwili hewani. Wazazi wakadhani anaunga mkono hoja ya choo kipya. Wakasimama wote, makofi. Choo kimepita.

Wasikilizaji: sitini na mmoja. Tumerudi tulikoanzia.

Alhamisi, 6 Machi

Bwana harusi alikuja kujaribu koti. Mikono ilipoingia kwenye koti, simu ikabaki kwangu. Tena ilikuwa wazi. Ningefanyaje, Kicheko? Nikamtafutia Doa na Dobi, nikabonyeza "fuata". Nikamfanyia hivyohivyo mpambe wake. Na shangazi yake. Na vijana saba waliomsindikiza. Na mzee mmoja aliyeingia kuuliza njia tu.

Mpaka jioni: sabini na wawili! Nimelala palepale kwa furaha, kichwa juu ya kitambaa cha mtu.

Ijumaa, 7 Machi

Bwana harusi amerudi, kifua mbele. Jana alikwenda kwa wakwe kwa mazungumzo. Baba mkwe akamuuliza kama kuna jambo lolote la nyuma wanalostahili kulijua. Akiwa anatafuta maneno, simu ikajiwasha mfukoni, na dobi akasema kwa ile sauti yake nzito kwamba doa la zamani halifichwi, huanikwa juani.

Wakwe wakataka maelezo. Ameyatoa yote, kuanzia darasa la tatu.

Harusi ipo. Mimi sijaalikwa. Ameniambia mimi si fundi, ni balaa lenye utepe shingoni. Kisha akawazungukia wote niliowaunganisha, mmoja mmoja, mpaka yule mzee wa kuuliza njia, wakajitoa.

Wasikilizaji: sitini na mmoja. Kesho ndiyo mwisho.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi shemeji, mdogo wako, amekuja kuchukua gauni. Akanikuta nimelaza kichwa juu ya cherehani. Akasema, shemeji, hiyo si mto, itakushona sikio. Nikataka kucheka, nikajikuta namweleza yote. Zipu ilifunguka mpaka mwisho.

Alinisikiliza mkono kiunoni. Kisha akaniuliza kama nimewahi kuona kile kimshale kilicho kando ya kila kipindi, kinachoelekea chini. Nimekiona kila siku. Nilidhani ni cha kupunguza sauti. Akakibonyeza mara moja. Basi! Kipindi cha ishirini na saba kimehifadhiwa kwenye simu yangu, dobi afunge, ahame, aoe. Akaniuliza shuleni nilikuwa nakwenda kusoma au kusindikiza wenzangu.

Tukakusikiliza mara tatu. Yeye alifuta macho na gauni lake jipya. Mimi nikatunga uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi.

Mara ya nne hatukubonyeza kitu, lakini ulicheka. Ulitokea ukutani.

Kumbe ni spika ya kinyozi! Alikuwa anakipekua kipindi hicho apate la kunichekea. Akaingia dukani mashine ya kunyolea mkononi, na nyuma yake mteja wa nusu kichwa. Akauliza kama anayecheka si wewe, shemeji yake uliyekuwa unamcheka kila Ijumaa akijinyoa mwenyewe kisogo. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema, sasa fundi, kwa nini hukusema? Nikamwonyesha kwamba nina pini mdomoni. Ni kweli nilikuwa nazo.

Alirudi kwake, akaongeza sauti, akatangaza kuwa hanyolewi mtu pale ambaye hajajiunga na Doa na Dobi. Foleni ya Jumamosi unaijua. Wa nusu kichwa alijiunga wa kwanza.

Saa kumi na moja jioni: mia moja na wanne.

Jumapili, 9 Machi

Dobi anaendelea! Amewashukuru wasikilizaji wapya, ingawa ameshangaa kwa nini wengi wamemwandikia "nimejiunga, nimalizie kichwa".

Nimemwahidi shemeji kwamba hila basi. Nimetulia kama maji mtungini tangu asubuhi mpaka saa saba mchana.

Saa saba nikaona karatasi mpya ya kinyozi. PODIKASTI BORA. Ya kwanza: Doa na Dobi, "iliyogunduliwa na Kinyozi". Iliyogunduliwa!

Haiwezi kupita hivihivi. Kesho Mwalimu Mkuu anarudi kupima mara ya pili. Ndiye shahidi wangu kwamba nilianza mimi, na atatia sahihi kwenye karatasi yangu. Nimeandaa pini sitini, na yule bibi wa ndege, saa tatu mfululizo.

Nimetia mafuta cherehani. Mengine yamemwagika palepale kwenye mkono wa shati. Dobi alikujibu, chaki ya fundi kwanza, kisha sabuni ya kipande. Dawa naijua, na chaki ipo nyuma ya sikio. Lakini hili doa naliacha.

Unikumbuke, Kicheko.